Maswali ya Wasomaji: Kupima Maji Tunayoyategemea

Barua nyingi tulizozipokea kwa toleo hili zimetoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: maji tunayochota yana hali gani, na tutaijuaje? Nimezifupisha bila kugeuza maana yake. Kabla ya kuzijibu, niseme wazi msimamo wangu. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha kutangaza kwamba maji ya mahali fulani ni mazuri. Kila eneo lina hatari yake, inayotokana na miamba, vyoo, mashamba au viwanda vilivyopo, na anayeanza kwa kuijua hatari hiyo ndiye atakayejua apime nini, apime lini, na afanye nini na matokeo.

SWALI: Mhariri, tunaishi nje ya mji wa Nakuru, upande wa Njoro, na tunachota maji kwenye kisima kirefu kilichochimbwa na jirani kwa mashine. Maji yenyewe ni maangavu na hayana harufu yoyote. Hata hivyo, watoto wangu wawili wana madoa ya kahawia kwenye meno ambayo hayaondoki hata wakipiga mswaki mara ngapi. Maji tunayachemsha kila siku. Tunakosea wapi? (Mzazi, Njoro)

JIBU: Mzazi mwenzangu, madoa unayoyaeleza yanafanana sana na yale yanayoletwa na floridi, ingawa atakayethibitisha ni daktari wa meno baada ya kuwaona watoto. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina madini yenye floridi, na maji yanayokaa muda mrefu chini ya ardhi huyayeyusha polepole. Aghalabu maji ya visima virefu vya eneo lenu huwa na sodiamu na bikaboneti kwa wingi, lakini kalsiamu kidogo. Kalsiamu ndiyo ambayo ingeshikamana na floridi na kuifanya itulie, kwa hiyo inapokosekana, floridi hubaki imeyeyuka ndani ya maji, haionekani na haina ladha wala harufu. Ndiyo maana uangavu wa maji yenu haukuweza kuwaambia lolote.

Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho pia ndicho kinachotumika Kenya, ni miligramu 1.5 za floridi katika lita moja ya maji. Mtoto anayekunywa maji yanayozidi kiwango hicho katika miaka ambayo meno yake ya kudumu yanaumbika, yaani tangu kuzaliwa hadi anapokaribia umri wa miaka minane, yumo katika hatari ya kupata madoa hayo. Mtu mzima aliyehamia eneo lenu meno yake yakiwa yamekwisha kukamilika hataona doa lolote, na hilo huwafanya wengi wadhani kwamba maji hayana neno. Lakini floridi ikiwa nyingi mno na ikanywewa kwa miaka mingi, hudhuru mifupa na viungo vya watu wazima pia.

Kuchemsha maji ni tendo jema dhidi ya vijidudu, wala sikushauri uliache ikiwa una shaka na usafi wa mtungi au kisima. Dhidi ya floridi, hata hivyo, hakusaidii hata kidogo. Maji yanapotoka kama mvuke, floridi hubaki ndani ya sufuria, na kiasi chake katika kila lita iliyobaki huongezeka. Klorini nayo haiigusi.

Anza kwa kumwomba jirani yako cheti cha uchunguzi wa maji ya kisima chake. Mchimbaji wa kisima cha aina hiyo anatakiwa kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na uchunguzi wa kemikali za maji ni sehemu ya kumbukumbu za kisima. Cheti kisipopatikana, changeni pesa nyinyi mnaochota hapo na mpeleke sampuli maabara. Kwa bahati njema, floridi haibadilikibadiliki kama bakteria, hivyo kipimo kimoja kilichofanywa vizuri kinaweza kuwaongoza kwa muda mrefu, ilimradi mkirudie kisima kikichimbwa zaidi au pampu ikihamishwa kina. Msiazime matokeo ya kisima cha kijiji cha pili, kwa kuwa visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana.

Ikithibitika kwamba floridi imezidi, njia rahisi kuliko zote ni maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi kabisa. Tuseme kisima kina miligramu 4 kwa lita. Ukichanganya mtungi mmoja wa kisima na mitungi miwili ya mvua, utapata takriban miligramu 1.3, na hapo umeingia chini ya kiwango. Maji ya mvua yakiwa machache, yawekeeni watoto wadogo ya kunywa, uji na chai, kisha ya kisima yatumike kufulia na kuoshea. Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imekuwa ikilishughulikia kwa miaka mingi. Mifupa huchomwa kwa joto linalodhibitiwa hadi ikawa chembe nyeusi, na chembe hizo huinasa floridi maji yanapopita. Mkaa wa kawaida wa kupikia hauna uwezo huo. Chujio la mifupa nalo hufika mahali likashiba, na likishashiba maji hutoka na floridi ileile yaliyoingia nayo huku yakionekana vilevile, kwa hiyo anayelinunua bila mpango wa kupima maji yanayotoka amejinunulia utulivu wa moyo tu.

SWALI: Ninaishi Nyalenda, Kisumu. Katika ploti yetu kuna kisima kifupi cha kamba na ndoo, na vyoo vya shimo vinne. Mwenye nyumba anasema kisima kiko mita kumi na tano kutoka choo cha karibu na kwamba udongo unachuja uchafu. Maji ya kioski yapo lakini ni ya kununua. Nitajuaje kama maji ya kisima yanafaa? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Dada yangu, nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako ni la maelfu ya watu wa Nyalenda, Manyatta na Obunga. Mita kumi na tano ni chache. Mwongozo unaotumika sana unataka angalau mita 30 kati ya choo cha shimo na chanzo cha maji, na kitako cha shimo kiwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya ardhini. Sharti hilo la pili ndilo linalovunjika zaidi katika mitaa ya chini ya Kisumu, ambako maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi na hupanda wakati wa masika. Maji yanapopanda na kuingia ndani ya shimo la choo, hakuna tena udongo mkavu wa kuchuja chochote, na choo na kisima huwa vinashiriki maji yaleyale.

Unaweza kuanza uchunguzi leo bila kulipa senti. Zunguka kisima chako ukijiuliza maswali ambayo afisa wa afya ya umma angeuliza. Je, kuna choo, jaa la taka au zizi lililo upande wa juu wa mteremko? Je, kisima kina ukingo ulioinuka na sakafu ya saruji isiyo na nyufa? Maji yanayomwagika huenda wapi, au hurudi ndani? Je, kina mfuniko? Ndoo na kamba hukaa wapi baada ya kuchota? Ukaguzi wa namna hii hautaji idadi ya bakteria, lakini unaonyesha njia ambazo uchafu unapitia, na njia ndiyo inayozibika. Kwa maoni yangu, ukaguzi huu unapaswa kutangulia kila kipimo cha maabara, kwa kuwa sampuli moja huonyesha hali ya saa moja, ilhali ufa wa saruji upo mwaka mzima.

Baada ya hapo kinafuata kipimo chenyewe. Kinachotafutwa ni bakteria aina ya E. coli, wanaoishi ndani ya matumbo ya binadamu na wanyama wenye damu moto. Wengi wao hawana madhara, ila kuwepo kwao ni ushahidi kwamba kinyesi kimeingia, na kinyesi kikiingia, kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi ya kuhara yana njia. Kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa ni sifuri katika mililita 100. Kuna pia chupa ndogo za kipimo cha rangi ambazo hujazwa maji, zikaachwa mahali penye joto kwa siku moja au mbili, na maji yakigeuka meusi huashiria bakteria wanaohusiana na kinyesi. Si sahihi kama maabara, lakini zinafaa kwa kamati inayotaka kupima visima vingi kwa fedha kidogo.

Ukienda maabara, omba chupa yao iliyotakaswa, na usiisuuze. Usiguse mdomo wake wala ndani ya kizibo, acha nafasi ndogo ya hewa juu, andika mahali, tarehe na saa, kisha iweke kwenye kasha lenye barafu. Inafaa sampuli ifike maabara ndani ya saa 6, na isipite saa 24 kabla ya kupimwa, kwa sababu bakteria huzaana au kufa njiani na matokeo yakawa ya uongo. Pima mara mbili angalau: wakati wa kiangazi, na siku chache baada ya mvua kubwa. Anayepima Januari pekee atajidanganya kuhusu Aprili.

Mwombe mpimaji aongeze nitrati. Hii ni kemikali inayotokana na mkojo na kinyesi kinachooza ardhini, na pia na mbolea, na kiwango chake cha juu kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Klorini haiiondoi na kuchemsha huizidisha. Hatari yake kubwa ni kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya chupa kwa maji hayo, kwani huizuia damu kubeba oksijeni vizuri. Ikiwa una mtoto wa umri huo, usisubiri majibu ya maabara. Mnunulie maji ya kioski kuanzia leo.

Sikuambii ufukie kisima. Kwa familia inayohesabu kila shilingi, kisima cha kufulia, kupigia deki na kuogea huacha pesa za kununulia maji ya kunywa. Ukilazimika kuyanywa, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usubiri nusu saa kamili. Maji yenye tope hula klorini kabla haijawafikia bakteria, na ndiyo maana maelekezo ya dawa nyingi hutaka kipimo maradufu kwa maji ya namna hiyo. Hata maji ya kioski yapimwe: kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi huonyesha kama klorini ingalimo, na inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita hadi pale mteja anapochotea. Isipokuwepo, kuna uwezekano bomba limepasuka mahali fulani au maji yamekaa sana tangini.

SWALI: Je, maji ya mvua kutoka paa la mabati yanahitaji kupimwa? (Msomaji, Bondo)

JIBU: Yanahitaji uangalifu zaidi kuliko vipimo. Kemikali zake kwa kawaida ni chache, lakini kinyesi cha ndege, popo na panya hukaa juu ya paa na ndani ya mifereji ya mabati, kisha husombwa na mvua ya kwanza. Acha maji ya dakika za mwanzo yamwagike, funika tangi na uweke wavu kwenye mdomo wake, halafu yatie dawa au yachemshe kabla ya kunywa.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Dunga. Miezi mingine maji ya ufuoni hugeuka kijani kibichi kama rangi iliyomwagika, yenye harufu mbaya. Wazee wanasema tuyachemshe tu. Pia wenzangu wenye vizimba wameamka na kukuta samaki wengi wamekufa kwa usiku mmoja. Ni sumu ya kiwanda? (Mvuvi, Kisumu)

JIBU: Ndugu yangu, ukijani huo mara nyingi huletwa na bakteria wadogo wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Hustawi pale ambapo maji ni ya vuguvugu na yametulia, na yana nitrojeni na fosforasi kwa wingi kutoka kwa majitaka, mbolea na udongo uliosombwa. Ghuba ya Winam, ile sehemu ya Ziwa Victoria mnayovulia, ina masharti yote hayo: ni ya kina kifupi na imeunganishwa na ziwa kuu kwa mlango mwembamba, hivyo kinachoingia kupitia Nyando, Kibos, Kisat na mito mingine hukaa humo muda mrefu.

Baadhi ya bakteria hao hutengeneza sumu inayodhuru ini, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 1 kwa lita kwa aina ya sumu hiyo inayojulikana zaidi, kwa maji yanayonywewa maisha yote. Maikrogramu ni sehemu moja ya elfu ya miligramu. Katika hili, wazee wetu, kwa heshima zote, hawapaswi kufuatwa. Kuchemsha huwaua bakteria lakini huwapasua, na sumu iliyokuwa ndani yao humwagika ndani ya maji na haiharibiwi na moto wa jikoni. Klorini ikitiwa moja kwa moja kwenye maji ya kijani nayo huwapasua vivyo hivyo. Wakati huo msinywe maji ya ufuoni, msiwaogeshe watoto humo wala kunyweshea mifugo, na samaki wasafishwe kwa kutoa matumbo na ini kabla ya kupikwa.

Kuhusu vizimba, kiwanda kinaweza kuwa na lawama, lakini kabla ya kumnyoshea mtu kidole, pimeni oksijeni. Mchana ukijani huo hutoa oksijeni. Usiku huitumia, na uozo chini ya ziwa na chini ya mikeka ya magugumaji huitumia pia. Kabla ya mapambazuko ndipo inapokuwa chini kabisa, na samaki wa vizimbani hawana pa kukimbilia. Ngege, yaani tilapia, hukua vizuri oksijeni ikiwa miligramu 5 kwa lita au zaidi. Kundi la wafugaji likinunua kifaa kimoja cha kupimia oksijeni na kukitumia saa kumi na moja alfajiri, huo ndio wakati utakaowaambia ukweli. Anayepima saa sita mchana ataandika namba nzuri, na samaki watakufa vilevile.

SWALI: Kijijini kwetu Vihiga chemchemi yetu ilijengewa ukuta na bomba, nasi tukafurahi. Mbona watoto bado wanahara? (Mweka hazina wa kamati ya chemchemi)

JIBU: Mama, kazi mliyoifanya haikupotea. Kuna utafiti mkubwa uliofanywa magharibi mwa Kenya kuhusu chemchemi zilizojengewa, ukachapishwa mwaka 2011. Mmoja wa waandishi wake, Michael Kremer, alikuja kutuzwa Nobeli ya Uchumi mwaka 2019. Ulionyesha kwamba kuzijengea chemchemi kulipunguza uchafuzi wa kinyesi penye chanzo kwa asilimia 66, na visa vya watoto kuhara vikapungua kwa robo. Maji yaliyokuwa nyumbani, hata hivyo, yaliboreka kwa kiasi kidogo kuliko hicho, kwa kuwa yalichafuliwa tena baada ya kuchotwa.

Basi pimeni mahali pawili siku moja: bombani na ndani ya mtungi wa nyumba chache zilizokubali kwa hiari. Bomba likiwa safi na mtungi ukiwa mchafu, msitumie tena pesa za kamati kwenye saruji. Shida iko kwenye kikombe kinachotumbukizwa kwa mkono, mtungi usio na kifuniko au majani yanayotiwa juu ya ndoo ili maji yasimwagike. Chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba dogo, pamoja na klorini inayotiwa palepale chemchemini kutoka kwenye kile kisanduku ambacho vijiji vingi vya kwetu vimekizoea, hulinda maji hadi yanywewe. Bomba likiwa chafu, tazameni juu ya chemchemi: uzio umevunjika, au ng'ombe wanalishwa hapo, au mtaro wa kugeuza maji ya mvua umeziba.

SWALI: Ninafundisha shule iliyo karibu na mji wa Kakamega. Wanafunzi wa klabu ya mazingira wanataka kuchunguza mto Isiukhu, lakini hatuna maabara. Je, tunaweza kufanya kazi yenye maana, au tutakuwa tunacheza tu? (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu, mnaweza kufanya kazi ambayo watu wenye maabara mara nyingi hawaifanyi, nayo ni kurudi mahali palepale mwaka mzima. Chagueni vituo vitatu: kimoja juu ya mji, kimoja chini yake kidogo, na kingine mbali zaidi kuelekea Nzoia. Kituo cha juu ndicho kipimo cha kulinganishia, na bila hicho hamtaweza kusema mji umeongeza nini. Ninasisitiza hili kwa sababu maji ya asili hayafanani. Ziwa Nakuru, kwa mfano, lina magadi ya asili na pH, yaani kipimo cha uchachu au umagadi wa maji ambacho katikati yake ni 7, inayokaribia 10. Anayelipima bila kujua hivyo atalia kwamba limechafuliwa, kumbe ndivyo lilivyo.

Chukueni neli ndefu angavu ya plastiki, mbandike alama nyeusi na nyeupe chini, na mmimine maji ya mto ndani yake polepole hadi alama ipotee machoni. Kimo cha maji kwa sentimita, ambacho hupungua tope likizidi, kikiandikwa kila wiki, kitawaonyesha tope linavyopanda wakati mashamba yanapolimwa na mvua kuanza. Pimeni joto na pH, na mtazame kimo cha mto kwa ubao wenye alama uliosimamishwa darajani.

Lakini utajiri wa kazi hii uko chini ya mawe. Wadudu wa mtoni huishi majini kwa majuma au miezi wakiwa lava, yaani wangali wachanga, na hawawezi kudanganya kama sampuli ya chupa iliyochukuliwa baada ya mtu kumaliza kumwaga uchafu usiku. Pindueni mawe kwenye maji yanayokwenda kasi, mtandaze wavu chini yake, mhesabu mnachokipata kwenye sinia jeupe, kisha mkirudishe. Lava wenye mikia mitatu myembamba na matamvua yanayopepea kando ya tumbo huhitaji oksijeni nyingi. Wakijaa, mto una afya. Mkikuta minyoo wekundu wembamba na lava wekundu tu, wala wale wa mikia hawapo, oksijeni imepungua, na pengine majitaka yanaingia. Mabadiliko ya aina za viumbe kati ya kituo cha kwanza na cha pili ni ushahidi ambao hata mzazi asiyesoma sayansi atauelewa siku ya maonyesho.

Jambo moja la usalama: wanafunzi wasiingie majini baada ya mvua kubwa wala karibu na mdomo wa bomba la majitaka. Waosheni mikono kwa sabuni kila mara.

SWALI: Sisi ni chama cha watumiaji wa rasilimali za maji katika bonde la Nyando. Tumeandika vipimo vya mto kwa miaka kadhaa, na daftari zimejaa. Kuna mahali majitaka yanaingia mtoni, tumelalamika kwenye baraza, na hakuna kilichofanyika. Vipimo hivi vina faida gani? (Katibu)

JIBU: Ndugu Katibu, daftari zenu ni mali, ila zinahitaji safu moja zaidi. Kiasi cha uchafu katika lita moja hakitoshi. Zidisheni kwa kiasi cha maji yanayopita. Chukueni mfano huu nilioutunga. Kiangazi, mto unapitisha mita 2 za ujazo kwa sekunde zenye miligramu 30 za tope kwa lita: hizo ni takriban tani 5 kwa siku. Baada ya mvua, mita 10 za ujazo zenye miligramu 200 kwa lita ni karibu tani 173. Siku moja ya mafuriko imebeba udongo wa mwezi mzima wa ukavu. Mkipima kila mwezi tarehe ileile, siku hiyo itawapita, na mpango wowote wa kutunza mto utakaotokana na vipimo hivyo utaelekezwa mahali pasipo. Mkijua kwamba udongo mwingi unatoka kwenye mito midogo fulani baada ya mvua, mtajua wapi pa kupanda nyasi, wapi pa kuziba makorongo, na ni kingo zipi za kulindwa. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kwenye ukingo wa mto, kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, zikihesabiwa kutoka kimo cha juu cha mafuriko kilichowahi kuandikwa.

Kuhusu majitaka, kanuni za ubora wa maji zinamtaka kila anayeyatiririsha mtoni awe na leseni na atimize viwango vilivyowekwa. Malalamiko ya mdomo kwenye baraza hayana uzito wa sampuli tatu zilizochukuliwa siku moja: juu ya mahali hapo, penyewe, na chini yake mahali ambapo maji yamekwisha kuchanganyika. Mwalikeni afisa wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, au wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, au wa afya ya umma wa kaunti, ashuhudie. Kila chupa iandikwe saa, mahali na jina la aliyeichukua, na kila anayeipokea atie sahihi, kuanzia mtoni hadi maabara, ili pasiwe na wa kudai kwamba maji yalibadilishwa njiani. Sampuli iliyochukuliwa bila utaratibu huo itawasaidia nyinyi kujua, lakini haitamlazimisha yeyote kutenda.

Chama chenu kinatambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016, na Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kwa hiyo andikeni barua, ambatisheni nakala za matokeo huku daftari halisi likibaki kwenu, na muombe pia ripoti ambazo mtiririshaji huyo ametakiwa kuwasilisha kwa mujibu wa leseni yake. Ombi hilo litajeni kuwa ni chini ya Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Hakikisheni nakala yenu imepigwa muhuri wa tarehe mapokezi, kwa kuwa siku hizo zinahesabiwa tangu ombi lilipopokewa.